Chupa za Akiba

Pale maabara walimwita Bi Mizani, kwa kuwa hata chumvi ya mezani hakuiamini mpaka aipime. Ukiambiwa kwamba mtu huyo alimnywesha mjukuu wake maji ambayo hayajapimwa, tena miezi sita, ungesema ni uzushi mtupu.

Ilikuwa hivi. Kila wiki kampuni ya maji ya chupa ilileta katoni moja. Chupa moja ilifunguliwa ikapimwa, nyingine zikafungiwa kabatini kuwa akiba, ili majibu yakizua ubishi yapimwe upya. Kisha mashine ya kupimia madini ikaharibika, na fundi akawa wa kesho na keshokutwa. Bi Mizani akaweka maji kidogo ya kila katoni kwenye kichupa, akisubiri. Chupa za akiba akazitia mkobani, mkwewe akorogee maziwa ya mtoto. Maji yale hayakuwahi kufeli hata siku moja, sasa wasiwasi wa nini?

Jumatatu mashine ikapona. Kichupa cha kwanza: madini ya risasi, ile sumu, mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Akaisafisha mashine, akarudia. Cha pili, cha tatu, hadi cha ishirini na sita, yale yale.

"Leta za akiba tuthibitishe, tuifungie kampuni leo hii," mkuu wake alisema.

"Hazipo."

"Hazipo vipi?"

"Amekunywa mjukuu wangu."

Mkuu alivua miwani. "Basi tukanunue madukani, tuanze upya. Wiki tatu hivi."

"Na hizo wiki tatu?"

"Yataendelea kuuzwa."

Nyumbani alimpakata mtoto, akamweleza mkwewe yote bila kuficha.

"Kesho tumpeleke hospitali, wapime damu," alimalizia.

"Wakiikuta hiyo risasi wataitoa?"

"Ya kwenye damu, labda. Iliyokwisha kudhuru ubongo, haina dawa."

Mkwewe hakulia. "Mama, mimi nilitaka kumchemshia ya bomba. Ukanikataza, ukasema ya chupa ndiyo salama."

"Nilikukataza."

"Nayo yana risasi?"

Bi Mizani alitamani kudanganya, mara moja tu katika maisha yake. Ya bomba alikuwa ameyapima kwa mkono wake mwenyewe, kabla mashine haijaharibika.

"Hayana," alisema.

Mkwewe akamchukua mtoto kutoka mapajani mwake, taratibu, akaingia naye chumbani na kufunga mlango.