Breki za Nyuma

…rangi kwanza, bila shaka, kwa mdogo wake rangi ndiyo kwanza, kijani cha jeshi kilichopakwa na kurudiwa mpaka lori linang'aa kama limezaliwa jana, na majirani wamepita getini mmoja mmoja kulitazama na kumshika mkono, hongera bwana, umelifufua lori la baba yako, amelifufua, hebu wasikie, lori ambalo mpaka asubuhi hii lisingeweza kumkwepa hata kuku, na aliyelala chali chini yake, mgongo juu ya boksi lililokunjuliwa, mchanga umemjaa kwenye nywele na grisi inamdondokea shavuni, ni nani kama si yeye, dada mtu, fundi wa gereji ya mabasi, aliyeomba ruhusa kazini akahangaika na kila kisichoonekana kwenye picha, matairi mazuri kwa macho lakini yamechanika ubavuni, nyaya za taa zilizotafunwa na panya, vyuma vya usukani vilivyokuwa vinacheza kama meno ya mtoto, tangi la dizeli lililotapika kutu nusu ndoo, lakini nani atampa hongera mtu wa uvunguni, hongera ni za mwenye brashi… "Kanyaga!" Huko juu, nyuma ya usukani, mdogo wake akakanyaga pedali ya breki. "Nimekanyaga, dada." "Shikilia hapohapo," akalegeza ile nati ndogo ya kutolea upepo nyuma ya gurudumu la kushoto, akangoja oili ishuke kwenye mrija na mapovu yake kama ilivyoshuka kwenye magurudumu ya mbele, akangoja, mrija mkavu, si tone, si hata pumzi, akaikaza nati, "Achia," hakuachia, "Achia, nimesema achia!" na pedali ikarudi polepole kama kitu kinachonyang'anywa mtu mkononi, maana ndiyo shida yake tangu asubuhi, ukimwambia kanyaga anakanyaga kama anaua nyoka, ukimwambia achia anakuwa kiziwi, mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, huko mjini kwake wanamwita bosi, na hajui kuachia pedali, atajulia wapi, hajawahi kuendesha hata pikipiki, kutwa anapakiwa na watu kama gunia, na bado ndiye aliyekuja na wazo, dada, wanajeshi wa zamani wanakutana kambini Jumamosi, tumpeleke mzee na lori lake mwenyewe, aingie getini juu ya lori lake, wenzake wamwone, wazo zuri, wazo tamu, anakuja nalo mara moja baada ya miaka yote ya salamu za simu, na mzee analia machozi, mwanangu huyu, mwanangu huyu kweli ana moyo, na yule aliyemwogesha mzee jana na juzi na mwaka juzi anaambiwa nini, anaambiwa spana ile umeiweka wapi.

"Unakanyaga kweli wewe?" alifoka kwenda juu, "Nimekanyaga, dada, mpaka mwisho," "Mbona hakuna kinachokuja?" ikashuka sauti ndogo, sauti isiyolingana na ndevu zile, "Sijui, dada, lakini nakanyaga," naye akasonya, akajipangusa jicho kwa kiwiko, kwa nini hakuna kinachokuja, silinda mpya, alizifunga kwa mkono wake, viatu vya breki vipya, oili imejaa juu, pedali yenyewe ngumu kama jiwe, ambayo ni dalili njema, isipokuwa haiwezekani pedali iwe ngumu hivyo wakati nyuma bado pana upepo… na kule kivulini, kando ya ukuta, baba yao ameanza tena kusimulia, kikombe kinagonga kisahani, mshonaji wa mtaa wa pili amemletea sare yake ya zamani aliyoipunguza kiunoni, maana Koplo, kama wanavyomwita wote, amebaki mifupa na sauti, ila hiyo sauti, Mungu wangu, hiyo sauti haijapungua hata nusu inchi, "Hii gari, fundi, nimeiendesha jeshini, walipoiuza nikainunua, nikaitunza kama yai, haijawahi kuniangusha, haijawahi! Siku moja tu, na siku hiyo si gari, ni yule pale juu," na kidole lazima kiwe kimeinuliwa, hana haja ya kukiona, amekiona maisha yake yote, "yule mwenye ndevu, ndiye aliyemvunja mama yake mguu," mshonaji akacheka kwa adabu, hajui acheke kiasi gani, na kule juu mdogo wake naye akacheka, "Mzee bwana, hujasahau tu," anacheka, anacheka nini, kila mara anacheka, angekuwa mwanamume angeshuka akaondoka… lakini si aliondoka, ndiyo, aliondoka alipoota ndevu tu, akamwachia yeye nyumba na mama mwenye fimbo.

"Endelea, Koplo," alisema mshonaji, na Koplo haombwi mara mbili, naye chini ya lori hana cha kuzibia masikio, mikono yote ina oili, kwa hiyo alisikiliza kile anachokijua kwa moyo, kwamba lori lilikuwa limejaa mawe ya msingi wa nyumba hii hii, kwamba lilikuwa limepanda mteremko wa getini, pua juu, mkia chini, kwamba geti lilikuwa limekwama, handibreki haishiki, lori la kazi hilo, lakini breki ya mguu nzima kabisa, "nzima kama ya leo," kwa hiyo akamketisha kijana kwenye kiti chake, akamwambia kanyaga hapa kwa miguu yote miwili, usiachie mpaka nirudi, akashuka kwenda kusukuma geti, na mama yao alikuwa nyuma anatafuta jiwe la kuzuia tairi, "kitoto kikaona kipepeo huko, sijui kikaona nini, kikaachia!" na lori likarudi nyuma na mama yao akabanwa na ukuta… yeye alikuwa jikoni, alisikia sauti ambayo hakujua kuwa ni ya mama yake, na wiki iliyofuata sare yake ya shule ikakatwa ikawa nguo ya kushikia sufuria, kwa sababu nani atapika, nani atamnyanyua mama kwenda chooni, nani atafua, msichana yupo, na msichana alikuwa wa kwanza darasani, hakuna aliyesema neno kuhusu hilo, hata mwalimu alikuja mara moja akanywa chai akaondoka, na katika kupika na kunyanyua na kufua yote aliijua hasira yake inakwenda kwa nani, ilikuwa na anwani, ilikuwa inalala chumba kimoja naye, kitoto kile kilichokojoa kitandani mwezi mzima, sikuachia baba, sikuachia, mkanda, sikuachia, mkanda, hadi usiku mmoja kikasema niliachia, na mkanda ukakoma, na yeye upande wa pili wa pazia akawaza, si useme tangu mwanzo, mwongo wewe.

Haya, bomba. Kama silinda ni nzima na hakuna oili basi oili inazuiwa njiani, hiyo haihitaji elimu, akasogea na boksi lake kuelekea katikati ya ekseli, akaanza kulifuata bomba la breki za nyuma kwa vidole kama mtu anayetafuta mshipa, bomba pekee ambalo hakulibadilisha, mabomba mengine yote aliyang'oa, ya mbele, ya katikati, yote mapya, ila hili, alipolishika tu mzee alipiga fimbo chini pale kivulini, hayo ya nyuma achana nayo, nilibadilisha mwenyewe, yapo imara, unataka kunifundisha lori langu? na yeye akaacha, kwa sababu ya uchovu, na kwa sababu katika nyumba hii mzee akipiga fimbo chini watu huacha, sasa vidole vilipita juu ya rangi mpya ya kijani, hata huku mdogo wake amepaka, hata uvunguni, pambo la wapi hili, chini ya rangi grisi iliyokauka, chini ya grisi udongo, na kwenye udongo kitu kinene, laini, uvimbe, akachukua kisu, akakwangua, mpira, ukanda wa tyubu ya baiskeli umezungushwa na kuzungushwa na kufungwa kwa waya, fundo la waya lile analijua, fundo la jeshi, mzee hufunga hivyo kila kitu, ndoo, kuku, masanduku, akalikata, akaufungua mpira mzunguko baada ya mzunguko, mpira umekuwa mgumu kama gome, umeshikana na chuma kwa uzee, na ndani yake bomba limekunjwa. Limekunjwa, likagongwa nyundo likalala bapa, likakunjwa tena, kama mtu anavyofunga mdomo wa tyubu ya dawa ya meno, ili lisivuje. Lilipasuka mahali fulani kati ya hapa na magurudumu, mtu hakuwa na bomba jingine, akazima breki za nyuma zote mbili akaendelea na safari, wanafanya hivyo porini, hata kwenye mabasi amewahi kukuta, pedali inabaki ngumu, dereva anaridhika, na ukiwa huna mzigo kwenye tambarare unasimama… ukiwa huna mzigo… kwenye tambarare.

"Dada, nikanyage?" "Ngoja." Ngoja, ngoja kwanza, lori limejaa mawe, pua juu, mkia chini, uzito wote wa mawe umelalia magurudumu ya nyuma na magurudumu ya nyuma hayana breki, ya mbele yamepata wepesi, yanashika lakini yanashika nini, yanashika vumbi, unaweza kuwaweka watu kumi juu ya pedali ile, lori litashuka nao wote wamekanyaga… na hapo, bila kuitwa, ikamjia njia ya getini ilivyokuwa asubuhi ya pili, yeye na ndoo ya maji anaenda kuosha damu ukutani, na ardhini mifereji miwili, si alama za tairi, alama za tairi zina maua yake, hii ilikuwa mifereji laini, mirefu, kama mtu amekokota magogo mawili kushuka mteremko, alikanyaga ndani ya mmoja, ukameza mguu wake mpaka kifundoni, mvua ilikuja ikajaa maji humo na bata wakaoga, wiki nzima alikuwa anairuka mifereji ile na ndoo kichwani na hakujiuliza, gurudumu linaloviringika halichimbi mfereji, linalochimba ni lililofungwa, ni lililoshikwa na breki, ni lililokanyagiwa kwa miguu yote miwili na mtu ambaye hajaachia mpaka ukutani, mpaka baada ya ukuta, mtoto aliyeketi pembeni ya kiti ili miguu ifike.

Na huyu mzee alijua. Mpira huu hakuufunga mtu mwingine, waya huu haukujifunga, alijua siku anamketisha, alijua alipokuwa anavua mkanda, mkanda wa jeshi, alijua kila mkanda ulivyoshuka, angeweza kukomea wa kwanza, angeweza kukomea wa pili, alijua mama alipoomba fimbo, alijua sare ilipokatwa, akalipaki lori nyuma ya nyumba akakataza watu kulala chini yake, hatari, alisema, hatari, na miaka yote hiyo akila, akinywa chai, akikaribisha wageni, yule ndiye aliyemvunja mama yake, na mama akafa akimwambia mwanawe nimekusamehe, nimekusamehe mwanangu, akimsamehe mtu asiyehusika huku anayehusika amesimama mlangoni ameshika kofia… hasira ikampanda kutoka tumboni mpaka kwenye meno, hasira mpya, safi, haina mwendo wa ile ya zamani, ile ya zamani ilikuwa inauma kama jino, hii ilikuwa inasimama wima, na ajabu ni kwamba ilipogeuka kutafuta mahali pake pa siku zote, kule juu kwenye kiti, haikukuta mtu wa kumwangukia, ilikuta miguu tu, viatu vyeusi vya ofisini vilivyopigwa rangi, anaviona kupitia tundu la pedali, alikuwa amekanyaga. Hakuambiwa kukanyaga na alikuwa amekanyaga, tangu asubuhi kila akiona lori limetikisika kidogo anakanyaga, juu ya magogo, tairi hazigusi hata chini.

"Vipi huko?" alipaza sauti baba yao, "Breki zipo au hazipo? Huyu fundi cherehani anataka kujua kama Jumamosi tunatoka!" Siku zote jibu lilikuwa ndiyo, baba, lilikuwa linatoka lenyewe kama kikohozi. Alilishika bomba lililokunjwa kwa vidole viwili, halikuwa kubwa kuliko kidole cha mtoto. "We binti! Si nakuuliza? Umefika wapi?"

"Kwenye ekseli ya nyuma," alisema, hakupiga kelele, "nimefungua mpira."

Alisikia kikombe kikitua kwenye kisahani, polepole sana. Mshonaji alisema jambo kuhusu vifungo vya sare, akangoja, akasema tena, "Koplo? Vifungo hivi vya shaba nivisugue?" na hakujibiwa, fimbo haikugonga chini, kiti hakikulia, kulikuwa na kuku tu wanapekua kando ya ukuta, na ile sauti isiyopungua ilikuwa imekwenda sijui wapi, na hakuwa na haraka ya kuisubiri irudi, Jumamosi na ije na iende, lori hili halitoki hapa mpaka mwenye waya huu aeleze waya huu kwa mdomo wake, mbele ya mtu aliyekaa pale juu, hata ikibidi abebwe na kiti chake mpaka hapa.

"Dada?" sauti ya mdogo wake ilikuja kupitia tundu la pedali, nyembamba, ya kuomba radhi, na pedali ilikuwa bado iko chini, imeganda chini ya kiatu, "dada, mimi bado nimekanyaga."

"Najua," alimwambia, akaweka kiganja chake chenye oili juu ya chuma, upande wa pili tu wa kiatu cha mdogo wake. "Najua ulikanyaga."