Simu Niliyoishika kwa Mbali

Mwaka 2021, Sydney ilipofungwa kwa mara ya pili kwa sababu ya korona, nilikuwa nikihudumu katika nyumba ya wazee karibu na Smithfield. Katika chumba cha tisa alilala Mama Iracema, Mbrazili wa miaka themanini na mmoja, aliyekuwa mwimbaji wa bossa nova, muziki wa taratibu wa kwao. Aliletwa Australia kuimba hotelini kwa miezi sita, akamwacha binti yake wa miaka mitano kwa bibi. Miezi ikawa miaka arobaini na saba. Alitoa santuri moja tu. Baadaye hoteli zilitaka muziki wa kuchezwa, naye akaishia kuwafundisha gitaa watoto waliopiga miayo.

Binti huyo, Jandira, alikuwa bado Brazili, na mipaka ilikuwa imefungwa. Korona ilipompata mama yake, alinipigia simu.

"Dada, kuna wimbo alionibembeleza nao. Haumo katika santuri. Naomba unirekodie kabla hajaondoka."

Niliingia nimevaa barakoa na glavu, simu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Muuguzi Kendi, Mkenya, alisimama mlangoni.

"Mama Armelle, huyo anaimba au anaomba maji?"

"Nyamaza, Kendi. Anaanza."

"Nyinyi wa kwaya ya Bankstown mmezoea kuimba mpaka bati liombe msamaha. Mwache bibi wa watu apumue!"

Katika kwaya yetu, anayerekodi husimama nyuma kabisa ya kanisa, ili sauti zimfikie zikiwa zimeungana. Nami nilisimama miguuni pa kitanda, simu nimeiinua juu. Iracema akanikunjia kidole.

"Sogea karibu."

"Kanuni, mama. Hatua mbili. Wewe paza sauti kidogo."

"Nilimwimbia katika chumba chenye kuta nyembamba, naye akisinzia. Nikipaza sauti, si wimbo wake tena."

Akaimba. Midomo yake ilitembea polepole, vidole vikigonga ukingo wa kitanda. Nilimsikia kwa sababu nilikuwa nikimtazama, nikaamini kwamba simu nayo inamsikia.

Nje tulifungua rekodi tusikilize. Mashine ya oksijeni ilivuma, vidole viligonga. Sauti haikuwemo.

Kendi hakutania tena. "Kesho iweke juu ya mto wake. Mimi nitalinda mlango."

Kesho yake kitanda kilikuwa kimevuliwa shuka.

Nilimtumia Jandira nilichokuwa nacho. Alijibu baada ya siku mbili: "Vidole navisikia. Sauti yake iko wapi?"

Barua zangu za Kiingereza huandikwa na binti yangu Armelle. Hii niliiandika mwenyewe, mara tatu. Katika ya kwanza nililaumu mashine, nikaifuta. Katika ya pili nililaumu kanuni, nayo nikaifuta. Ya tatu niliituma:

"Aliniita karibu, nami nikasimama mbali."