Pauni Hamsini na Tatu

Jina langu limo kwenye ubao wa klabu tangu mwaka 1982, kwa herufi za shaba: Armando Rezendes, pauni hamsini na nane. Ubao wenyewe una majina kumi na moja tu. Ili uingie humo sharti uwe umevua Mistari, ndivyo tunavyomwita samaki wetu huyu wa pwani mwenye michirizi myeusi ubavuni, aliyefika pauni hamsini au zaidi, nawe umesimama kwa miguu yako mwenyewe, si umekaa ndani ya mashua unakula sandwichi. Kila Aprili napewa kiti cha mbele niwafundishe wanachama wapya namna ya kumpata samaki wa hamsini. Nawafundisha kwa kirefu. Nina hadi michoro.

Shida ni moja tu. Samaki huyo hakuwapo.

Aliyekuwapo alikuwa wa pauni thelathini na moja. Nilimvua mbele ya maegesho ya magari, mahali watu wanapokuja kula aiskrimu, nikamuuza sokoni asubuhi ile ile, maana enzi hizo kuuza kulikuwa kawaida. Jioni, klabuni, Buzzy Correia, ambaye mdomo wake haujapumzika hadi leo, akaniuliza mbele ya watu, "We Armando, hivi huwa unavua, au unaogesha chambo tu?" Nikafungua kinywa kusema thelathini na moja. Ikatoka hamsini na nane. Hata hiyo nane sijui ilitokea wapi.

Kadi ya ubao ilitaka sahihi ya shahidi aliyekuwapo. Nikampelekea rafiki yangu Leo Thibodeau hospitalini, ambako mkewe Claudette alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Nicole, siku ile ile ya samaki wangu. Kwa hiyo mimi na Leo tulijua vizuri kwamba hakuwa nami pwani. Macho yalikuwa yamemwiva kwa kukosa usingizi. Akaisoma kadi, akatia sahihi, akauliza neno moja tu: "Wapi?"

Nikaelewa anataka tuoanishe maneno tusije tukaumbuka. Nikamtajia Jiwe la Askofu, kwa sababu ni jiwe baya, liko mbali, na mtu mwenye akili zake asingekwenda huko kuchunguza.

"Ila usimwambie mtu," nikasema.

"Simwambii mtu," akasema, na kweli hakumwambia. Nikaona nimepata rafiki wa kufa na kuzikana.

Tangu hapo, kila Oktoba samaki wanaposhuka kuelekea kusini, Leo hataki kusikia habari ya mahali pengine. Ni Jiwe la Askofu. Mimi nilidhani ni kuukamilisha mchezo: ukidanganya kuhusu mahali, basi uonekane huko. Nikawa namfuata. Miaka arobaini na miwili nimekuwa nikipanda jiwe lile lililojaa mwani, nikiteleza na kutukana kwa Kireno, huku Leo amesimama mbele kabisa, mahali mawimbi yanapompiga kifuani, anatupa ndoano kwa bidii ya mtu aliyeahidiwa kitu. Pale hajawahi kupata hata wa arobaini. Mara nyingi nilimwambia, "Leo, inatosha sasa, wamekwisha kuamini." Yeye hutabasamu na kutupa tena.

Mwaka huu nimetimiza sabini. Goti langu la kulia linakwenda kukatwa na kuwekewa la chuma baada ya Krismasi, na daktari ameniambia waziwazi kwamba mawe ya pwani basi tena. Hapo ndipo lile jina ubaoni lilipoanza kuniwasha. Nilitaka kitu kimoja tu kabla ya kisu: samaki wa hamsini wa kweli, hata mmoja, ili nikipita mbele ya ubao ule nisijitie kutafuta funguo mfukoni.

Jumamosi ya pili ya Oktoba Leo alikuja kunichukua jua likiwa limekwisha kuchomoza. Alikuja na kahawa na mkate mtamu wa kwa Wareno, na ndoo ya mikunga hai, wale samaki warefu kama nyoka, maana Mistari mkubwa mkunga hamkatai.

"Goti linasemaje?" akaniuliza.

"Linakusalimia wewe na jiwe lako."

"Jiwe langu? Lako hilo, bwana. Mimi mgeni tu."

Nikacheka. Nilipenda mzaha wake wa kikavukavu.

Tulipofika, maji yalikuwa yanajaa na upepo ulitoka kusini-magharibi, wa kuridhisha. Leo akatazama jinsi ninavyochechemea, akanionyesha pale mbele, mahali pake pa miaka yote, penye ubapa kidogo.

"Simama wewe hapa leo. Huku nyuma utavunjika."

"Na wewe?"

"Mimi nina magoti mawili. Simama, mzee, usinibishie."

Nikasimama. Mara ya tatu kutupa, mkunga wangu akasita. Nikahesabu hadi tatu, nikakaza. Mshipi ukaondoka. Sisemi ulivutwa, uliondoka, kama vile kuna mtu huko chini aliyekumbuka ana safari. Nimevua miaka hamsini na uzito ule nilikuwa sijawahi kuusikia. Niliwahi kuueleza tu, kila Aprili, kwa michoro.

"Usimvute," Leo akasema nyuma yangu kwa sauti ya chini. "Mwache akimbie. Mwache tu. Inamisha fimbo kushoto, asije akaingia kwenye mwani. Sasa. Taratibu, ndugu yangu, taratibu."

Sijui ilichukua muda gani. Leo alishuka majini hadi kiunoni, akamshika mdomo, akamlaza ndani ya wavu uliolowa, akamning'iniza kwenye mizani. Mizani ya klabu huwa anayo Leo. Ni yeye anayewapimia wote, na akishasema uzito hakuna anayebishana.

"Hamsini na tatu," akasema. Akapima tena. "Hamsini na tatu na kidogo. Kidogo hatuandiki."

Nililia. Naona haya kusema lakini nililia, mtu mzima, nikiwa na makamasi.

Picha Leo aliipiga kama sisi wote tunavyopiga, yaani kwa kuficha jiwe, ili wenye macho makali wasitambue mahali. Alilificha vizuri mno. Katika picha kuna samaki, tumbo, na mikono miwili. Kichwa changu kimebaki nje. Kisha samaki akarudishwa. Sheria ya siku hizi inasema wa kwenda naye nyumbani asizidi inchi thelathini na moja, na huyu alikuwa na hamsini. Leo alimshikilia majini, akamsukuma mbele na nyuma taratibu mpaka samaki akapata nguvu, akatupiga maji ya uso kwa mkia, akaenda zake.

"Si kama yule wa mwaka themanini na mbili," Leo akasema, akipangusa uso, "lakini naye ni samaki."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Leo naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo.

Jumanne ulikuwa mkutano wa klabu. Colleen Garrity, katibu wetu, alikuwa amepika sufuria la supu ya sukuma wiki na soseji, na ukumbi ulikuwa umejaa. Leo akasimama, akasoma kadi: Armando Rezendes, pauni hamsini na tatu, shahidi Leo Thibodeau. Nami nimevaa shati jipya.

Wakapiga makofi. Makofi ya heshima, yale ya kumpigia mtu aliyeegesha gari vizuri.

"Hongera, mzee wangu," akasema Colleen. "Ya pili hiyo. Kibao cha shaba tukiongezee chini ya kile, au kinatosha kile cha kwanza?"

"Amepungua pauni tano," Buzzy akadakia kutoka kwenye supu yake. "Uzee huo, Armando. Na samaki nao wanakuona."

Watu wakacheka. Mwanachama mmoja mpya, mwenye kofia ambayo bado ina bei, akaniinamia kwa adabu zote. "Mzee, samahani. Unaweza kutusimulia tena ile ya themanini na mbili? Mimi Aprili sikuwapo."

"Ndiyo, simulia," wakasema wengine. "Ile ya hamsini na nane."

Nikahisi damu inanipanda kichwani. Samaki wangu wa kweli, niliyemlilia, alikuwa amewekwa kando kama bakuli lililokwisha kulambwa, na wote wamegeuza viti kumsikiliza yule ambaye hakuwahi kula hata mkunga mmoja. Na aliyemnenepesha ni mimi. Miaka yote nilikuwa nimemwongezea mkia, nimemwongezea ukali, hadi sasa hakuna samaki wa Mungu ambaye angeweza kushindana naye.

"Hakukuwa na hamsini na nane," nikasema.

"Ilikuwa hamsini na tisa?" Buzzy akauliza.

"Ilikuwa thelathini na moja. Nilimvua kwenye maegesho. Niliwadanganya. Huyu wa Jumamosi ndiye samaki wangu wa kwanza wa hamsini maishani, na nataka mumpigie makofi yanayomstahili."

Nilidhani wataguna kidogo kisha watanisifu kwa ujasiri. Nilikuwa nimekwisha kuiweka sura yangu tayari kupokea sifa hizo. Haikuwa hivyo. Colleen aliinuka, akaenda kwenye kabati la kadi, akarudi na kadi ya zamani iliyogeuka manjano, akailaza mezani karibu na ile mpya. Hapo nikaona kitu ambacho mtu mwerevu angekiona mapema. Chini ya kadi zote mbili kulikuwa na sahihi moja.

"Leo," Colleen akaita, na sauti yake ilikuwa ya upole sana. "Mwaka themanini na mbili ulikuwepo?"

Leo alikuwa ameshika kijiko, hajakitia supuni wala hajakiweka chini. "Nilikuwa hospitalini. Nicole alikuwa anazaliwa."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nilikuwepo. Nilimpima mimi."

"Hata kwenye hii ya zamani umeandika ulikuwepo," akasema Buzzy, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anatania.

Hakuna aliyempigia Leo kelele. Ingekuwa afadhali. Colleen alitoa kalamu, akapiga mstari kwenye kadi ya zamani, akasita, akaitazama ile picha ya samaki na tumbo lisilo na kichwa, kisha akapiga mstari na kwenye ile mpya. Leo akasimama, akaiweka mizani ya klabu mezani, akavaa koti lake. Nilimfuata nje nikiwa nachechemea, maana nilikuwa nimekuja kwa gari lake.

Tulikaa ndani ya gari bila yeye kuliwasha.

"Nisamehe," nikasema. "Nimekuingiza na wewe. Sikufikiria. Lakini, Leo, siri ilikuwa ya wote wawili, na mimi nimeichoka. Wewe hujaichoka?"

"Siri gani?"

"Ya themanini na mbili."

Alikuwa anatazama mbele, kwenye ukuta wa ghala. "Mimi nilidanganya kwamba nilikuwepo," akasema. "Hilo ni langu, nitalibeba. Uliniletea kadi ukaniambia umepata wa hamsini na nane. Mtu wangu wa karibu kuliko ndugu ananiambia amepata, mimi nimuulize nini? Nikauliza wapi."

Nikaacha kutafuta mkanda wa kiti.

"Ukanitajia jiwe," Leo akaendelea. "Nikafurahi. Nikasema huyu bwana ana roho nzuri, mahali pake pa siri kanipa mimi peke yangu. Claudette kila mwaka ananiuliza, kwa nini lile jiwe na mawimbi yale, hata siku ya kukumbuka kuzaliwa kwa Nicole. Namwambia, Armando alipata pale. Huyo mtoto amekata keki mara ngapi mimi niko juu ya lile jiwe? Nilikuwa nakuonea wivu, Armando. Miaka arobaini na miwili."

Nilitafuta la kusema nikapata la kipumbavu. "Lakini si umeona? Samaki wako pale. Jumamosi umemwona kwa macho yako."

"Nimemwona. Nilikuwa nimekupa nafasi yangu."

Watu walianza kutoka ukumbini wawili wawili, wakapita mbele ya gari letu bila kupunga mkono. Leo akawangoja wapite wote. Kisha akanigeukia.

"Alikuwa hamsini na tatu kweli?"

"Leo, mizani uliishika wewe."

"Najua nani aliishika. Nakuuliza wewe."

"Hamsini na tatu," nikasema. "Na kidogo."

Akanitazama kwa muda, kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha barabarani, kisha akawasha gari akanirudisha nyumbani.