Glasi ya Kiti Kitupu

Mwalimu wa kemia wimbo wake ulikuwa mmoja: "Kwenye mtihani andika unachokiona, siyo unachokijua!"

Marudio ya majaribio yalifanywa wawili wawili, ila binti waliyemwita Kiroboto alikaa na kiti kitupu tangu amzike pacha wake. Mwalimu akaweka hapo glasi ya maji ya chokaa na mrija, isiyopulizwa na mtu, ya kulinganishia tu.

Kiroboto akapuliza ya kwake. Kabonidayoksaidi ya pumzi yake ikayafanya maji yawe meupe kama maziwa.

Kisha glasi ya pili ikaanza kutoa viputo yenyewe, nayo ikawa nyeupe pepepe. Kiroboto, machozi yakimlengalenga, akaandika: "Anapumua."

Mwalimu alishaganda ukutani. "Mwanangu, hilo usiliandike."

Viputo vikakoma kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha vikaendelea.