Maili ya Bernadeta

Wanaosema wanawake wa Temeke zamani hawakuwa wakikimbia, nani aliwaambia? Mie nilikuwepo uwanjani sikukuu ile ya serikali mwaka 1951, na kichwani nilikuwa na debe la maji.

Wanaume walipangiwa mbio fupi, maili moja, kuruka juu, kuvuta kamba. Sie wanawake tulipewa kitu kimoja: kutembea na debe kichwani kuzunguka uwanja, zawadi doti ya kanga. Kutembea! Sie ambao kila alfajiri tulilitoa debe hilohilo bombani mpaka Keko, na hakuna aliyetupigia makofi.

Bernadeta, mwenzangu wa bombani, mzaliwa wa Songea, hakuitaka kanga. Alitaka maili. Akamfuata Karani Gozbert, msimamizi wa michezo, mbele ya umati.

"Shikamoo, Bwana Karani. Niandike na mie kwenye maili."

Gozbert akacheka mpaka kofia ikamcheza. "Marahaba. Maili utakimbia na nani, na mwiko? Haya, sharti langu hili. Zunguka uwanja mbio, siyo kutembea, debe limejaa, maji yasimwagike. Ukiweza, nakuandika."

Bernadeta akatugeukia. "Nyie mmesikia?"

"Tumesikia!"

Hapo ndipo Gozbert alipokosea. Mtu aliyepelekewa maji ya kuoga tangu azaliwe hajui kwamba debe likijaa tunalaza majani juu yake, maji yasichezecheze. Bernadeta akachuma majani ya mkorosho pembeni mwa uwanja, akayalaza, akakaza kanga kiunoni, tukamtwika. Akatoka!

Shingo imenyooka, vumbi linatimka, mikono yote miwili haigusi debe. Vigelegele! Mama Demetria, mtu mzima mwenye magoti mabovu, alikuwa akiruka. Bernadeta aliporudi tukamtua, nikachungulia: maji yamejaa vilevile.

"Amedanganya," Gozbert akasema. "Majani hayakuwemo kwenye sharti."

"Wala hukuyakataza!" Mama Demetria akafoka. "Hivi mwanangu, wewe debe umelibeba lini?"

Watu wakaangua kicheko. Gozbert akapuliza firimbi, akawaita wanaume wanane wa maili wajipange. Hatukushauriana. Nilitua debe langu katikati ya njia ya kukimbilia. La Mama Demetria likafuata, kisha mengine, mpaka njia ikazibwa upande hadi upande. Nasi tukasimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Ondoeni madebe yenu!"

"Mwandike kwanza!"

Aliyechoka kusubiri ni Polikarpo, seremala wa Keko, bingwa wa mwaka uliotangulia. "Bwana Karani, mwache akimbie. Au unaogopa atanipita?"

Gozbert akapunga mkono kwa hasira: akimbie basi! Tukaondoa madebe.

Mizunguko minne, miguu mitupu. Mzunguko wa kwanza Bernadeta alikuwa nyuma ya wote. Wa pili, akapita wawili. Wa tatu wanaume wakaanza kuhema, na yeye ndiyo kwanza anachangamka. Sauti zilitukauka! Alimaliza wa tatu, nyuma ya Polikarpo na askari mmoja.

Gozbert akafungua daftari, akaandika, akasoma washindi. Wa kwanza, Polikarpo. Wa pili, yule askari. Wa tatu akamtaja mwanamume aliyeingia wa nne.

Bernadeta, jasho likimtiririka, akamnyang'anya penseli. Akalikata jina lile, akaandika lake, herufi kubwa za shule ya misheni, taratibu. Akamrudishia.

"Sasa soma tena, Bwana Karani. Kwa sauti."

Gozbert akasoma.