Kunguni wa Likizo ya Agosti

Katika ploti ya Mzee Masese, safu ya nyumba za kupanga nje kidogo ya Roret, hakuna mtu aliyepigana na wadudu kama Chepkurui. Mvua za Aprili zikianza, majivu yalikuwa yameshamwagwa kuzunguka mlango wake ili siafu wasiingie. Wakati wa mavuno, kila tundu ambalo panya angeweza kupitia lilikuwa limezibwa kwa simiti. Jua la Januari likikaza, blanketi zake zote zilishinda kwenye kamba, asije akabaki kiroboto hata mmoja. Mumewe, Kipkirui, dereva wa lori la majani chai, alizoea kufika nyumbani na kukuta meza iko nje na mkewe amepiga magoti akichungulia chini ya kabati.

“Wewe hupumziki,” angemwambia.

“Kwani wao wanapumzika?”

Kwa hiyo siku ile ya Agosti alipoona vipele vimejipanga mkononi mwake, jambo la kwanza alilofanya ni kufunga mlango. Alipindua godoro. Kwenye mshono, karibu na upande wa kichwa, alikuwapo mdudu bapa, mwekundu kama chai iliyokolea. Akamfinya. Harufu ikampanda puani.

Kunguni. Ndani ya nyumba yake.

Tangu hapo hakutulia. Alipuliza dawa mpaka macho yakawasha. Sokoni, akiwa anampimia mteja maziwa, alihisi kitu kinatembea shingoni, mkono ukaruka na maziwa yakamwagika. Kanisani alitoka katikati ya maombi akaenda kukung'uta sweta nyuma ya choo. Binti yake, Winny, aliyekuwa amefunga shule ya bweni wiki iliyotangulia, alianza kulala kwenye kiti cha sebuleni. Mama mtu akaona hata mtoto amenyimwa usingizi, hasira ikamzidi.

Na hasira hiyo ilishapata mlango wa kubisha. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikaa Molly, fundi wa kushona aliyehamia hapo Julai kutoka upande wa ziwa. Chumba chake kilijaa mafurushi ya mapazia ya mitumba, aliyoyakata na kuyashona upya.

“Huyo ndiye ametuletea,” Chepkurui alimwambia mumewe.

“Umeona kwa macho?”

“Mitumba imeingia, kunguni wameingia. Nione nini tena?”

Alizunguka ploti nzima. Majirani nao walikuwa wanajikuna, ila kila mmoja alikuwa ameona aibu kusema. Walipopata mtu wa kulaumu, walisema kwa pamoja. Jumamosi asubuhi Mzee Masese aliitwa, akasimama karibu na bomba la maji huku wapangaji wamemzunguka.

Molly alitoka na makasi bado yako mkononi. “Mama Winny, mapazia yangu nayachemsha kabla sijayagusa na sindano. Si kila Jumatatu unalalamikia moshi wangu?”

“Moshi si dawa!”

“Njoo basi uangalie ndani. Njooni wote.”

Hakuna aliyesogea. Mzee Masese alijikohoza. “Sikia, mama. Mimi sitaki vita kwa ploti yangu. Mwezi ukiisha, utafute pengine.”

Hapo ndipo Winny, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, “Mama, ni mimi.”

“Wewe nini?”

Winny aliingia ndani, akaburuta sanduku lake la shule mpaka uani na kulifungua mbele ya kila mtu. Kwenye pembe za mbao kulikuwa na vidoa vyeusi, na kati ya vidoa hivyo, wadudu wawili watatu wakikimbia mwanga.

“Bweni letu lote limejaa,” alisema akilia. “Nilitaka kukuambia siku ile nimefika. Lakini ulikuwa umenitandikia shuka nyeupe, ukasema hakuna nyumba safi kama hii Roret nzima. Nikashindwa.”

Chepkurui alimtazama binti yake, akalitazama sanduku, akaingia nyumbani na kufunga mlango. Kipkirui alimfuata, akamkuta anatembea kutoka dirishani hadi kitandani, anarudi tena.

“Utakaa humu mpaka lini?” akamuuliza.

“Niende wapi na uso huu?”

“Hapo jirani.”

Alichelewa, lakini alienda. Molly alikuwa kwenye cherehani na hakusimamisha mguu.

“Molly, nimekukosea.”

“Ulinisema mbele ya watu, mama. Na hayo pia yaseme mbele ya watu.”

Chepkurui alirudi bombani. Aliwaita Mzee Masese na wapangaji wote, akasema wazi kwamba kunguni walitoka kwake na kwamba Molly hana kosa. Mzee Masese alitazama viatu vyake, akasema habari ya kuhama iishe.

Kipkirui ndiye aliyewaeleza wenzake kwamba nyumba moja ikipuliza dawa peke yake, wadudu wanahamia tu ukuta wa pili. Basi wakakubaliana siku moja, milango yote ikafunguliwa. Vitanda vilitolewa na kufunguliwa vipande vipande, maji ya moto yakamwagwa kwenye kila kiungo, nguo zikachemshwa, nyufa za mbao zikazibwa. Baadaye walirudia kazi yote, kwa sababu mayai yalikuwa yameanguliwa. Molly alifanya kazi na kila mtu. Chepkurui alimsalimu kila asubuhi. Ilichukua muda mrefu kabla ya Molly kuitikia kwa zaidi ya neno moja.

Shule zilipofungwa tena Novemba, Chepkurui alimngoja Winny langoni, sufuria kubwa ikiwa inachemka uani. Nguo zote zikaingia majini. Sanduku likabaki juani, likiwa wazi.

“Sasa nionyeshe mikono,” alisema.

Winny alikunja mikono ya sweta polepole. Vipele vilianzia kwenye vifundo vya mikono vikapanda hadi mabegani, vingine vikiwa vimechunika. Chepkurui aliguswa na wazo ambalo, katika hangaiko lake lote la Agosti, halikuwahi kumjia.

“Huko shuleni unalala kweli?”

“Kidogo. Tunapokezana kuwasha tochi ili wasitoke.”

“Na hukusema.”

“Hukuniuliza, mama.”

Chepkurui alichukua kijiti, akakoroga nguo ndani ya sufuria, akakiweka chini, akakichukua tena. “Jumatatu mimi na baba yako tunaenda kwa mwalimu mkuu,” alisema. “Na kabla ya hapo napigia wazazi wengine.”

Akatandika mkeka penye jua, mbali na sanduku. Winny alilala hapo hapo mchana kweupe, huku mama yake akiwa na simu sikioni, akienda na kurudi kati ya sufuria na lango.