Mkanda wa Taa Nyekundu

Asubuhi ile Restuta alikuwa na uongo mmoja tu moyoni, na alikuwa ameukariri njia nzima tangu anatoka kwake Viwanja Sitini.

Msimcheke. Tangu amzike mumewe, mzee Ildefonce, miaka mitatu iliyopita, hakuna mkono uliomgusa isipokuwa Jumapili kanisani, watu wanapopeana amani. Na hapo napo ni vidole tu, halafu kila mtu anamgeukia mwingine. Watoto wako Kidatu na Dar es Salaam. Wanapiga simu, wanauliza kama amekula. Amekula, ndiyo, peke yake.

Ndipo yakaja pale zahanati haya mazoezi ya miguu kwa wanawake wazee. Kila Jumanne na Ijumaa, miezi mitatu mizima, kijana mtaalamu aitwaye Faustin alipiga goti mbele yake, akamwamkia shikamoo bibi, akamfunga mapajani mkanda wenye vitaa vyekundu. Dakika kumi za mwanga wa kuamsha misuli, ngozi inapata vuguvugu. Kisha vifuko vya mchanga vifundoni, inua mguu, shusha, simama, kaa. Faustin alihesabu kwa sauti na kila alipofika mwisho alisema, vizuri, bibi. Restuta aliyangoja maneno hayo wiki nzima.

Miguu nayo ikaamka. Zamani hakuweza kuinuka bila kushika meza. Sasa alipanda ngazi za kanisa mwenyewe. Levina, mwenzake wa benchi la mazoezi, alimtania kwamba karibu atatafutiwa mchumba. Lakini Levina huyohuyo ndiye aliyeleta maneno: Ijumaa ni kipimo cha mwisho, aliyepona anaagwa, asiyepona anaongezewa miezi mitatu. Aliyasema kwa uhakika kama mtu aliyesoma barua. Restuta akaingiwa na hofu ya kuagwa, na hofu hiyo ndiyo iliyomtungia uongo.

Ijumaa ikafika, na kipimo kilikuwa chepesi: unakaa kitini, unakunja mikono kifuani, unasimama na kukaa mara tano. Levina alimaliza huku anacheka. Justa, mjane mwingine, akamaliza. Restuta akainuka nusu, akajibwaga kitini.

"Miguu imekataa," akasema.

Faustin akamtazama. "Bibi, Jumanne ulisimama mara nane."

"Leo imekataa, mjukuu wangu."

Akajaribu tena, akajibwaga tena. Faustin akaandika alichokiona.

Wote walipokwisha kupimwa, Faustin akawatangazia. Waliosimama mara tano wataenda naye kata ya Lumemo kuwafundisha wenzao, Jumanne na Ijumaa, mwaka mzima. Wale ambao miguu yao haikuitikia wanashukuriwa sana, hawatasumbuliwa tena. Akaja kwa Restuta, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Samahani, bibi. Si kosa lako."

Restuta akafungua kinywa. Aseme nini sasa? Kwamba mtu mzima wa miaka sabini na mmoja, anayepokea komunyo kila Jumapili, amedanganya mbele ya benchi zima? Aibu ikamziba mdomo. Akamshukuru, akatazama pembeni kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Kwa huruma, Levina akamwitia bodaboda. Akamshika kwapani kumpandisha, akamwagiza dereva aende polepole, mama huyu miguu yake mibovu. Restuta akakubali kubebwa kama mgonjwa, njia ambayo asubuhi ile aliitembea kwa miguu yake mwenyewe bila kupumzika hata mara moja.

Nyumbani akafunga mlango. Akavuta kiti cha marehemu Ildefonce katikati ya sebule, akakaa, akakunja mikono kifuani. Akasimama. Akakaa. Alisimama mara tano, na miguu haikutetemeka hata kidogo.

"Vizuri, bibi," akajiambia kwa sauti, kisha akarudisha kiti mahali pake.